Mgonjwa amekufa kwa septisemi, dosie inasema "kusimama kwa moyo". Niweke kodi gani ya ugonjwa?

Mtunza_Dosie (Jumatatu, saa 3:10 usiku)

Salamu kwenu. Ninatunza arshivu ya hospitali moja hapa Bukavu. Kila mwisho wa juma nachukua dosie za waliotoka na za waliofariki, nazisoma, halafu naweka kodi za CIM-10, yaani zile herufi na namba za kimataifa za kutaja magonjwa. Jina la hospitali naliacha, na mambo madogo ya mgonjwa nimeyageuza.

Dosie iliyo mbele yangu ni ya mama mmoja, siku ya sita baada ya kujifungua kwa upasuaji. Karatasi ya nesi wa gardi (zamu ya usiku) inasema hivi, saa 4 usiku: joto 39.4, mapigo 128, pumzi 30, presha 80 kwa 50, "anamwita mama yake ambaye hayuko chumbani". Saa 11 alfajiri: joto 35.6, mikono baridi, mkojo wa usiku mzima haujai kikombe cha chai. Bandeji imelowa na inanuka. Saa 4 asubuhi amefariki. Ukurasa wa mwisho, mahali pa diagnozi, daktari ameandika maneno matatu: kusimama kwa moyo.

Nimetafuta neno septisemi karatasi kwa karatasi. Nimelikuta mara moja tu, pembeni, kwa mwandiko wa nesi, na mbele yake alama ya kuuliza.

Nikifuata kalamu ya daktari, kodi ni I46.9. Nikifuata dosie yenyewe, ni O85, sepsisi ya uzazi. Mimi si daktari. Lakini nasema wazi: hapa kwetu septisemi imejaa vitandani, kwenye karatasi ndipo haionekani. Kwa nini?

Dk_Nguba (Jumatatu, saa 3:42 usiku)

Mungu amrehemu huyo mama. Ndugu, naomba tusiwahukumu madaktari haraka. Sisi tulifundishwa kwamba septisemi ni vijidudu ndani ya damu. Bila emokiltiri (kipimo cha kuotesha vijidudu vya damu) iliyootesha kitu, nitaandikaje septisemi na sahihi yangu chini yake? Kama sina uthibitisho naandika nilichokiona kwa macho, na nilichokiona ni moyo umesimama.

Jambo la pili: saa 4 asubuhi hiyo daktari huyo labda alikuwa na mama mwingine mezani. Ukurasa wa mwisho unaandikwa jioni, wakati mtu amechoka mpaka kalamu inateleza.

Labo_Kadutu (Jumatatu, saa 3:58 usiku)

Docta wangu, emokiltiri mnaitaka lini? Mimi niko labo. Damu inaletwa siku ya tatu ya antibiotiki ya seftriaksoni, mililita mbili ndani ya flakoni ya mtu mzima, moja peke yake, halafu mnauliza kwa nini haioti. Mtu mzima anahitaji mililita 8 hadi 10 kwa kila flakoni, na flakoni zisipungue mbili, kila moja kwa kuchoma mahali pake. Kiasi cha damu ndicho kinachoamua kuliko kitu kingine chote, kwa sababu mililita moja inaweza kuwa na kijidudu kimoja tu, au isiwe nacho kabisa.

Ruzizi_Data (Jumatatu, saa 4:20 usiku)

@Dk_Nguba, kwa heshima, hilo fundisho limepitwa na wakati. Tangu mwaka 2016 maana ya sepsisi ilibadilishwa: ni kiungo cha mwili kushindwa kazi, kiasi cha kuhatarisha maisha, kwa sababu mwili umejibu maambukizi bila mpango. Hakuna mahali panapodai kijidudu kionekane kwenye damu. Na kwa akina mama, mwaka 2017 OMS (Shirika la Afya Duniani) ilitoa maana yake kwa njia hiyohiyo: maambukizi wakati wa mimba, kujifungua, mimba kutoka au baada ya kuzaa, pamoja na kiungo kilichoshindwa.

Mama wa @Mtunza_Dosie alikuwa na presha ya chini, akili imevurugika, figo zimekwama, kidonda kinanuka. Mnangoja nini zaidi?

Na mambo haya mawili tusiyachanganye. Mtu anaweza kuwa na bakteria kwenye damu bila sepsisi, hata baada ya kung'olewa jino. Na mtu anaweza kufa kwa sepsisi inayotoka mapafuni bila damu yake kuotesha chochote. Wagonjwa wengi wa sepsisi emokiltiri yao inabaki safi.

Nyawera243 (Jumatatu, saa 4:31 usiku)

Kumbe. Basi weka A41.9 kwa wote tulale.

Ruzizi_Data (Jumatatu, saa 4:44 usiku)

Hapana, yaya. A41.9 ni sepsisi ambayo kijidudu chake hakijulikani, na ni ya mtu ambaye hana kodi inayomfaa zaidi. Mama aliyejifungua anakwenda O85. Mtoto mchanga anakwenda P36. Salmonela isiyo ya tifoidi ni A02.1, stafilokoki aureusi ni A41.0, streptokoki wako kwenye A40. Mshtuko, yaani presha kuanguka kwa sababu ya sepsisi, ukiwepo unaongeza R57.2. Ukiwatupa wote A41.9, mwisho wa mwaka hutajua kama tatizo liko maternite, kwa watoto wachanga au kwa waliopasuliwa.

Mama_Furaha_Nesi (Jumanne, saa 12:15 asubuhi)

Nimetoka gardi sasa hivi, nasoma uzi huu nikiwa kwenye taksi. Huyo nesi aliyeandika pembeni na alama ya kuuliza namuelewa kabisa. Sisi tunamuona mgonjwa anavyobadilika. Kabla presha haijashuka, pumzi zinaenda mbio, mgonjwa anaanza kuvutavuta shuka, anakataa uji aliokuwa akiupenda jana. Unamwita daktari, anasema mpe parasetamoli. Unaandika. Lakini neno la ugonjwa si letu kuliandika, ndiyo maana tunaliweka pembeni.

Sababu yangu kwa swali la mwanzisha uzi: hakuna anayesoma karatasi ya nesi. Daktari anayefunga dosie anafungua ukurasa wa mwisho tu.

Mzee_wa_Bagira (Jumanne, saa 2:05 asubuhi)

Mimi si muganga, ni mwalimu mstaafu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa naona kilio kimekuja na maradhi bado yamefichwa. Nisaidieni: "septisemi" na "sepsisi" ni ugonjwa mmoja au miwili? Na joto linawezaje kushuka kwa mtu mwenye maambukizi? Nilidhani homa lazima ipande.

Kivu_Pedia (Jumanne, saa 2:30 asubuhi)

Shikamoo mwalimu. Septisemi ni neno la zamani, sepsisi ni la sasa. Kwenye dosie zetu yanaandikwa kama ndugu mapacha.

Kuhusu joto, ni swali zuri sana. Kwa mtoto mchanga baridi ni ya kuogopwa kuliko homa. OMS inasema joto chini ya 35.5 ni dalili ya hatari sawa na 38 kwenda juu, pamoja na kutonyonya vizuri, degedege, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kifua kuingia ndani, au mtoto asiyejisogeza mpaka umguse. Wazee nao mara nyingi hawapandi homa. Yule mama kutoka 39.4 hadi 35.6 kwa usiku mmoja hakuwa anapona.

Lakini mimi ninakuja na malalamiko ya upande mwingine. Neonatolojia hatufichi kitu, tunazidisha. Karibu kila mtoto anayeingia anaandikiwa "INN inayodhaniwa" (maambukizi ya mtoto mchanga) ili apewe antibiotiki, ampisilini na gentamisini. Hakuna anayerudi kuifuta mtoto akiwa mzima siku ya tatu. @Mtunza_Dosie, wewe unaweka P36.9 kwa wote hao, si ndiyo? Basi kwa watu wazima takwimu zetu ni pungufu, kwa wachanga zimevimba.

Mtunza_Dosie (Jumanne, saa 3:12 asubuhi)

@Kivu_Pedia ndiyo. Naweka P36.9 kwa sababu ndivyo imeandikwa. Nimekuwa nikijiuliza hilo kwa muda mrefu.

Labo_Kadutu (Jumanne, saa 6:40 mchana)

Niongeze upande wa labo, watu waelewe safari ya flakoni. Ngozi inasafishwa kwa alkoli, inaachwa ikauke, halafu hugusi tena kwa kidole. Kifuniko cha flakoni nacho kinasafishwa, hicho wengi wanakisahau. Damu inaingia, flakoni inapinduliwa taratibu, inakuja labo mara moja. Isiwekwe kwenye friji! Nimekuta flakoni imelala kwenye friji pembeni ya chanjo usiku mzima, mtu amefanya hivyo kwa nia njema. Ikingoja, ingoje mezani.

Sisi hatuna mashini ya kulia. Kila asubuhi nainua flakoni mbele ya dirisha: je, mchuzi umechafuka? Je, damu imeyeyuka ikawa na rangi ya divai? Kuna vipovu? Ndipo nachukua tone, naweka rangi ya Gram, naangalia kwenye hadubini. Etivu (kabati la joto la kuoteshea) inatakiwa kukaa nyuzi 35 hadi 37. Umeme ukikatika usiku na jenereta haina mafuta, asubuhi nafungua nakuta 26. Vijidudu vingine vinavumilia, vingine haviwezi kuota. Nifanye nini? Naandika "hakuna kilichoota", na Dk_Nguba anasoma "hakuna septisemi".

Dk_Nguba (Jumanne, saa 7:15 mchana)

Labo leo umeamka na moto! Lakini sema na upande wa pili. Mara ngapi umeniletea "stafilokoki koagulazi hasi" na mimi nikampa mgonjwa vankomisini aliyoinunua kwa kuuza mbuzi, kumbe ni kijidudu cha ngozi ya aliyechoma sindano?

Labo_Kadutu (Jumanne, saa 7:22 mchana)

Haki yako, Docta. Ndiyo maana naomba flakoni mbili za kuchoma mahali pawili. Stafilokoki huyo akiota kwenye moja kati ya mbili, karibu kila mara ni uchafu wa ngozi. Akiota kwenye zote mbili, na mgonjwa ana katetere (mrija wa mshipani) au kifaa mwilini, nitakupigia simu. Lakini Salmonela, Klebsiela, E. koli au stafilokoki aureusi hata kwenye flakoni moja usimwite uchafu. Mkiniletea flakoni moja tu, tunabahatisha wote wawili.

Muhasibu_Essence (Jumanne, saa 9:02 alasiri)

Sababu ni pesa, jamani, tusizunguke. Familia inapewa karatasi mbili: ya farmasi na ya labo. Wana pesa ya moja. Wanaenda farmasi, na mimi ningefanya hivyo pia. Kwa walio kwenye mutuelle (bima ya jamii), kwetu fakture ni bei moja ya mkupuo kwa "upasuaji wa kujifungua". Andika sepsisi, usiandike, malipo hayabadiliki. Daktari aandike ya nini?

Ruzizi_Data (Jumanne, saa 9:30 alasiri)

Sikubaliani kabisa kwamba ni pesa tu. Marekani na nchi kadhaa za Ulaya hospitali inalipwa kufuatana na kodi, na huko ugomvi umegeuka: wanashutumiwa kuandika sepsisi kwa wagonjwa wengi mno. Pesa inavuta kalamu upande fulani, hilo nakubali. Lakini kwetu haivuti upande wowote na bado neno halipo. Lazima kuna kingine.

Sindano_Siku3 (Jumanne, saa 1:48 jioni)

Kingine ni woga. Nitasema ukweli kwa sababu hapa hakuna anayenijua.

Maambukizi yanayoanza saa 48 au zaidi baada ya mgonjwa kulazwa yanahesabiwa kuwa ya hospitali. Mama wa siku ya sita baada ya upasuaji: ukiandika sepsisi, swali linalofuata ni nani alimpasua, vyombo vilichemshwa wapi. Na kifo cha mama kinapaswa kutolewa taarifa ndani ya saa 24, halafu kamati inakaa. "Kusimama kwa moyo" hakuiti kamati.

Nimeona katetere ya mkononi ya mgonjwa wa serumu, siku ya nne, haijabadilishwa kwa sababu zimekwisha na familia haina ya kununua nyingine. Plasta imekuwa ya kahawia, pembeni imekunjika kama ganda la ndizi. Nilipoibandua, mstari mwekundu ulikuwa umepanda juu ya mshipa mpaka karibu na kiwiko, na ukibonyeza, usaha unatoka kwenye tundu. Jioni ile mgonjwa alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Kwenye dosie imeandikwa "malaria kali". GE yake (kipimo cha malaria) sikuiona popote.

Binti_Walungu (Jumanne, saa 2:55 usiku)

Sikutaka kuandika, lakini uzi huu umenigusa.

Kaka yangu alikuwa na miaka 24. Alijikata mguu kwa jembe shambani. Siku ya nne mguu ulivimba, akawa na homa, akaanza kuongea vitu visivyoeleweka. Tulimleta mjini kwa pikipiki. Alikaa hospitali siku mbili. Karatasi waliyotupa ilisema "kusimama kwa moyo".

Nyumbani wazee walikaa. Wakauliza: kijana mwenye nguvu, aliyekuwa analima juzi, moyo wake unasimamaje? Wakajibu wenyewe: karuho, yaani sumu. Na nani alimpa? Wakakumbuka kwamba juma mbili kabla alikunywa kasiksi (pombe ya ndizi) kwa shangazi yetu. Shangazi alilia, akaapa, akaonyesha kikombe kilekile. Haikusaidia. Leo anaishi kwa mtoto wake, mbali, na hajafika hata kwenye msiba wa ndugu yake mwenyewe.

Hakuna mtu kwenye hospitali ile aliyetuambia: kile kidonda kiliingiza vijidudu, vikasambaa. Hata kwa Kiswahili cha kawaida tungeelewa.

Mama_Furaha_Nesi (Jumanne, saa 3:06 usiku)

Pole sana, mwanangu. Pole kwa kaka na pole kwa shangazi.

Dk_Nguba (Jumanne, saa 3:40 usiku)

Dada, pole. Hili la karuho sikuwa nimeliunganisha na kalamu yangu hata siku moja. Nimelisoma mara mbili.

Mzee_wa_Bagira (Jumanne, saa 4:01 usiku)

Nimewahi kuketi kwenye baraza kama hilo, si kwa familia hii. Mtu mmoja angekuja na karatasi yenye jina la ugonjwa, mjadala ungebadilika. "Moyo umesimama" kwa masikio ya mzee maana yake ni kwamba hata waganga wameshindwa kujua, na wakishindwa waganga, linabaki jambo la mkono wa mtu.

Tukiwa hapohapo, niulize la kwangu. Mimi kila homa naambiwa Widal imetoka 1/160, nina tifoidi. Mwaka huu nimekuwa na tifoidi mara tatu. Inawezekana?

Labo_Kadutu (Jumatano, saa 1:20 asubuhi)

Mwalimu, Widal ni kipimo cha mwaka 1896. Kinaangalia askari wa mwili, hakimwangalii adui. Ukiwahi kuugua zamani, au ukichanjwa, au ukiwa na homa nyingine, askari wanaonekana. Mahali ambapo tifoidi ipo sana, Widal moja peke yake haithibitishi kitu. Emokiltiri ndiyo inayothibitisha, ingawa nayo inaweza kukosa wagonjwa wanne katika kumi wenye tifoidi ya kweli. Kwa hiyo A01.0 (kodi ya tifoidi) nyingi zilizoko kwenye rejista zetu zimejengwa juu ya Widal, na nyuma yake wamejificha watu wa malaria, wa mkojo, na wa sepsisi pia.

Nyawera243 (Jumatano, saa 1:33 asubuhi)

Mzee tifoidi mara tatu kwa mwaka, hata Salmonela mwenyewe angechoka 😄 Badilisha mahali pa kupima, mwalimu, tunakuhitaji.

Kivu_Pedia (Jumatano, saa 2:10 asubuhi)

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ndilo kubwa, na hamjaligusa isipokuwa @Sindano_Siku3. Malaria inafunika.

Mtoto wa miaka miwili, homa, amepauka viganja, wengu umevimba. TDR (kipimo cha haraka cha malaria) chanya, GE chanya. Daktari ana jibu, anaanza artesunati, anafunga kitabu. Siku ya tatu GE imesafishika na mtoto bado anaungua. Ndipo tunachukua damu, na inaota Salmonela, wala si ya tifoidi. Kazi ya miaka mingi ya INRB (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na taasisi ya tiba za tropiki ya Antwerpen, Ubelgiji, ilionyesha kwamba Salmonela hizi ndizo zinazoongoza kwenye damu ya watoto hapa Kongo, na zinapenda watoto wale wale: wenye malaria, wenye upungufu wa damu, wenye utapiamlo. Watoto wa SS (selimundu) pia wako hatarini.

Mtoto huyo ana magonjwa mawili. Lakini rejista ina chumba kidogo cha neno moja, na neno lililofika kwanza ni malaria. Mimi namuandikia yote mawili, B50.8 ya malaria na A02.1, hata nikiandika kwa herufi za sisimizi.

Muhasibu_Essence (Jumatano, saa 2:25 asubuhi)

Kwa hiyo rejista ndiyo mkosaji? Jana ilikuwa ni woga, juzi emokiltiri.

Ruzizi_Data (Jumatano, saa 6:15 mchana)

Na hata tukiandika vizuri kabisa, neno litapotea tena. Sikilizeni.

Cheti cha kifo cha OMS kina mistari. Mstari wa a: mshtuko wa sepsisi. Mstari wa b: utumbo uliotoboka. Mstari wa c: tifoidi. Takwimu za vifo zinachukua sababu ya msingi, yaani ile iliyoanzisha mnyororo. Itachukuliwa tifoidi, A01.0. Hiyo ni sawa, kwa sababu ukizuia tifoidi unazuia yote. Lakini sepsisi ya katikati haihesabiwi popote. Ndiyo maana waliokadiria sepsisi ya dunia, kwenye jarida la The Lancet mwaka 2020, ilibidi wachimbe mistari yote ya vyeti. Walipata wagonjwa milioni 48.9 na vifo milioni 11 kwa mwaka 2017.

Kusimama kwa moyo hakuna kazi kwenye mnyororo huo. Maelekezo yanasema usiandike namna ya kufa kana kwamba ndiyo sababu. Kila anayekufa moyo wake unasimama.

Sindano_Siku3 (Jumatano, saa 6:50 mchana)

Kwa mama wa uzi huu ni vibaya zaidi. Akibaki I46.9 hatahesabiwa hata kwenye vifo vya akina mama. Alijifungua siku sita zilizopita, yuko ndani ya siku 42.

Dk_Nguba (Jumatano, saa 8:05 mchana)

Nakubali kuhusu maana ya 2016, nimeisoma upya. Lakini bado nina shida moja ya kazi. Maana hiyo inataka alama za SOFA, zinazopima viungo vilivyoshindwa, zipande 2 au zaidi, na SOFA inataka kreatinini, bilirubini, plaketi, gazi za damu. Usiku wa gardi naweza kupata vingapi? Mtaniambia qSOFA, ile fupi: pumzi 22 au zaidi, namba ya juu ya presha 100 au chini, akili kubadilika. Hata hiyo, mwongozo wa kimataifa wa 2021 umesema isitumike peke yake kuchuja wagonjwa. Kwa hiyo naandika nini kwa dhamiri safi? Ningeandika "sepsisi inayodhaniwa". Na najua mtunza arshivu atanirudishia: dhana haina kodi.

Ruzizi_Data (Jumatano, saa 8:31 mchana)

Ina kodi, Docta! Kwenye kitabu cha pili cha CIM-10 kuna kanuni: kama ugonjwa mkuu umeandikwa kuwa unadhaniwa, na mpaka mgonjwa anatoka hakuna maelezo zaidi, unawekewa kodi kana kwamba umethibitishwa. Alama yako ya kuuliza inatosha. Ila lazima iwe ya daktari, na iwe kwenye ukurasa wa diagnozi, si pembeni ya karatasi ya nesi.

Kivu_Pedia (Jumatano, saa 8:40 mchana)

Na ndiyo kanuni hiyohiyo inayovimbisha INN zangu. Mnaona?

Mama_Furaha_Nesi (Jumatano, saa 9:10 alasiri)

Kwa nini isiwe pembeni ya karatasi ya nesi? Aliyekesha naye ni nani?

Mtunza_Dosie (Alhamisi, saa 11:20 jioni)

Nimerudi. Leo asubuhi nilichukua dosie nikamfuata daktari. Sikumwambia kuhusu kodi. Nilifungua tu karatasi ya gardi, nikaiweka mbele yake. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye "anamwita mama yake" alivuta kiti. Akaniomba kalamu, akaongeza mstari chini ya ule wa zamani bila kuufuta, na tarehe ya leo na sahihi: sepsisi ya uzazi yenye mshtuko, chanzo kidonda cha upasuaji kinachodhaniwa. Nimeweka O85 na R57.2. Ofisi ya juu imeshaniuliza kwa nini dosie iliyofungwa imefunguliwa, na Jumatatu nimeitwa.

Labo_Kadutu (Alhamisi, saa 12:05 jioni)

Hongera kwa moyo. Bado hatujui kijidudu gani, na kama kipo kwenye pavilioni ile kinamngoja mama mwingine.

Sindano_Siku3 (Alhamisi, saa 12:30 jioni)

Utuambie Jumatatu walisemaje. Na kama watauliza mstari umeongezwa na nani, jibu ni daktari mwenyewe, kwenye dosie ya mgonjwa wake.

Binti_Walungu (Alhamisi, saa 2:14 usiku)

Samahani, kaka mtunza dosie. Karatasi ya miaka miwili iliyopita inaweza kuongezwa mstari? Daktari bado yuko pale. Namba ya dosie sina, nina fakture tu.

Mtunza_Dosie (Alhamisi, saa 2:21 usiku)

Dada, angalia juu ya fakture, mara nyingi namba ya dosie iko hapo. Nenda nayo arshivu ya hospitali ile asubuhi, kabla ya saa 4, uombe dosie na karatasi zote za manesi. Kama itakupendeza nitakusindikiza.